Mwaka Walioniita Mpiga Chapa

Claudine tulimzika Alhamisi, kule Kabuga, na nakiri kwamba jambo la kwanza lililonipeleka mazishini lilikuwa kutazama kama Fidel atakuja. Nilikaa ndani ya gari nje ya kanisa, vioo vimefungwa, nikiwaangalia walioingia, mpaka nikamwona: suti ya kijivu, kipara, mwendo wa mtu mwenye goti bovu. Goti lile lilinifurahisha. Nalisema mapema ili anayesoma asije akanitarajia niwe mwema huko mbele. Nina miaka hamsini na mitatu, Jumapili nasali, wafanyakazi wangu wananiita Mama Domitila na wengine huniletea watoto wao niwaone. Lakini katika jiji hili kuna mtu mmoja ambaye sijamsamehe, na kwa miaka mingi nimelilea jambo hilo kama wengine wanavyolea bustani.

Yalianza mwaka nilipokuwa na miaka thelathini na moja. Siku za kazi nilikuwa mapokezi katika hoteli moja, nikiwagawia wageni funguo, na wikiendi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kidogo kilichopanga ghorofa mbili juu ya duka la samani, Remera. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya mtaa wa Gisimenti, sakafu ya sementi nyekundu, dirisha moja lililotazamana na jiko la baa. Mchana kutwa walichoma brosheti za mbuzi na ndizi, na moshi ukaingia katika nguo zangu, katika daftari, katika nywele. Nilikuwa nikikaa darasani najua kwamba nanuka nyama choma. Darasa lenyewe lilikuwa na viti vyenye kibao kidogo cha kuandikia upande wa kulia, na kwa kuwa mimi naandika kwa mkono wa kushoto, mwaka mzima niliandika nimejipinda. Walimu walifundisha kwa Kiingereza. Mimi nilikulia Tanzania, na Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu: nilikielewa chote, nilikiandika bila kosa, lakini kikifika mdomoni kilikwama. Fidel alikulia Kampala. Kwake Kiingereza kiliteleza kama maji, na alipozungumza hata walimu waliacha kuangalia saa.

Tuliwekwa kundi moja watatu: mimi, Fidel na Claudine. Claudine alikulia Bujumbura, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, mama wa watoto wawili, na alifanya kazi katika ofisi ya bima ambako Fidel alikuwa mkuu wake wa kitengo. Mchana wa Jumamosi tulikula pamoja kwenye melanje ya jirani, mahali ambapo unajipakulia sahani moja, mara moja tu, ukirudi unazuiwa. Fidel alikuwa fundi wa sahani hiyo. Alianza na viazi vya kukaanga akivipanga pembeni kama ukuta, katikati akamimina wali na maharage, juu isombe, yaani kisamvu, na kipande cha nyama kikaketi kileleni. Claudine alinicheka mimi niliyejipakulia kidogo. "Domi, weye unakula kama mtu anaogopa," alisema, kisha akahamishia ndizi zake mbili kwenye sahani yangu bila kuniuliza. Nilimpenda. Ni lazima niseme hivyo pia, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayangekuwa na uzito wowote.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa utafiti wa soko. Kampuni moja ya kusindika vyakula ilikuwa imeahidi kwamba kiongozi wa kundi litakaloshinda ataajiriwa kuanzisha idara yao ya masoko. Mimi ndiye niliyeleta wazo la nyanya. Hotelini kwetu niliona wapishi wanavyotupa nusu ya nyanya zinazoletwa kutoka Kabuga, nikajiuliza zinaharibikia wapi. Fidel akasema wazo ni zuri, tugawane: mimi niende sokoni, Claudine atafute takwimu za maofisini, yeye atazungumza siku ya kuwasilisha. Nikakubali. Miezi mitano, kila siku niliyokuwa na zamu ya jioni hotelini, asubuhi yake nilikuwa Kabuga. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya wanawake wanaouza nyanya, na aliyenipokea alikuwa Mama Devota, mwanamke wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwa kuuziana na Wakongomani. Aliniweka kazini siku ya kwanza. "Hapa hakuna kukaa na kalamu tu," alisema. "Chagua nyanya, huku unauliza." Ni yeye aliyenionyesha kwamba hazifii barabarani kama sote tulivyodhani. Zinafia kwenye kungoja, pale ambapo wanunuzi wa hoteli hufika jua limeshapanda. Na akanionyesha kikonyo. "Hii unatoa. Zote unatoa, kabla ya kupanga. Ile kikonyo inatoboa mwenzake, yule anaoza, anaozesha wote." Wote pale Kabuga walivitoa, alfajiri, kabla ya jua, na mikono yao ilikuwa ya kijani mpaka kwenye kucha. Yangu pia. Claudine alikuja nami mara moja, akachagua nyanya nasi asubuhi nzima akiwachekesha, akarudi mjini na mfuko umejaa. Fidel hakuja hata siku moja.

Niliandika yote hayo katika madaftari manne, kwa Kinyarwanda na Kiswahili kama walivyoniambia, kisha nikayageuza Kiingereza na kuyachapa alfajiri kwenye kompyuta ya mapokezi kabla wageni hawajaamka. Kurasa themanini na sita. Nilizipeleka kwa wenzangu nikiwa na furaha ya mtu aliyezaa.

Jumamosi iliyofuata nilichelewa kwenye melanje. Walikuwa wamekaa upande wa pili wa kizuizi cha matete kilichogawa ukumbi, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye foleni na sahani tupu. Nilimsikia Fidel. "Domitila ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini yule ni wa kuchapa. Utamweka mbele ya wakurugenzi aseme nini? Kiingereza yake iko ya darasa la saba." Nilingoja Claudine aseme kitu. Claudine alicheka. Hakikuwa kicheko kirefu, na leo nikiwa mkubwa wa kazi najua kuna vicheko ambavyo mtu hutoa kwa mkuu wake wa kazi kama anavyomfungulia mlango. Lakini siku ile niliirudisha sahani juu ya rundo la sahani safi nikaondoka na njaa.

Wiki mbili baadaye mkuu wa kozi, ambaye tulimwita Daktari tu, aliniita ofisini. Fidel na Claudine walikuwa wameshaketi. Juu ya meza kulikuwa na kazi yetu, jalada jipya, majina mawili. Jina langu lilikuwa ndani, ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho: Domitila, kwa kuchapa. Daktari alisema kwamba kiongozi wa kundi, yaani Fidel, ameeleza kuwa mchango wangu haukutosha kuitwa mtafiti, na kwa taratibu za chuo ningepewa mada nyingine mwaka unaofuata. Alilisema kwa upole, kama daktari wa kweli anayetoa majibu mabaya. Nikatoa madaftari yangu manne mkobani nikayaweka mezani. Akafungua moja, akageuza kurasa mbili tatu zenye madoa ya nyanya.

"Hii ni lugha gani?" akauliza.

"Kinyarwanda, Daktari. Na Kiswahili. Ndivyo walivyozungumza."

"Haya ni maandishi ya sokoni. Siwezi kuyasahihisha." Akamgeukia Claudine. "Wewe ulikuwepo. Nani alikwenda Kabuga?"

Claudine aliangalia mikono yake. Fidel hakumwangalia kabisa. Alikuwa anatazama nje, miguu ameikunja, mtulivu kama mtu aliye kwa kinyozi. "Tulienda sote, Daktari," Claudine akasema. "Fidel ndiye alituongoza."

Nakumbuka feni. Nakumbuka kalenda ya benki ukutani na picha ya ziwa. Daktari akaniambia kwamba kwa kuwa nakala ya mwisho iko kwangu, niisafishe na kumpa Fidel ifikapo Jumatano, kama nilivyokuwa nimefanya vizuri siku zote. Nikasema ndiyo, Daktari. Kule nje, kwenye ngazi, Fidel alinishika bega. "Usichukue vibaya, dada. Tukipata hii kazi, nitakukumbuka. Kila mkurugenzi anahitaji sekretari mzuri." Nikamwambia asante. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri, na mtu anayefikiri hana haja ya kugombana kwenye ngazi.

Nilisafisha nakala ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilirekebisha nukta, nilipanga majedwali. Nilibadilisha sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema sasa kwamba wanawake wa Kabuga huacha vikonyo kwenye nyanya kwa sababu wanaamini vinazihifadhi, na kwamba ujinga huo ndio chanzo cha hasara. Ya pili ilisema huchambua nyanya mchana, wanunuzi wakishaondoka. Kisha mapendekezo ya mwisho nikayajenga juu ya uongo huo, kwa Kiingereza kizuri sana: kampuni iwafundishe wanawake kutoa vikonyo. Waliniita mpiga chapa, basi nikawachapia. Jumatano nikampa Claudine diski ampelekee Fidel ofisini, na mchana huo huo nikaenda Kabuga. Nikamwambia Mama Devota kwamba Jumamosi kuna kijana atawasimulia wakubwa habari za kazi yao. Aje na wenzake wawili, wavae vizuri, na wasipoelewa kitu waulize. Sikumwambia zaidi. Leo mfanyakazi wangu akibadilisha ripoti hivyo nitamfukuza kabla ya chakula cha mchana. Najua. Lakini siku ile nilirudi mjini nikaagiza brosheti mbili nikazila peke yangu, polepole, na kwa mara ya kwanza moshi wa jiko lile ulininukia vizuri.

Ijumaa, saa kumi, Claudine alibisha mlango wa chumba changu. Alikuwa ameleta maparachichi. Nikamwekea chai ya tangawizi, tukaketi kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na nguo. Alizungusha kikombe. "Domi, unisamehe," akasema. "Fidel ni shefu wangu. Niko na watoto wawili. Uliona mwenyewe." Nikamwambia hakuna neno, yamekwisha. Akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Na ile faili," akauliza. "Iko sawa? Hakuna kitu unataka kuniambia?"

Nilifikiri anahofia nukta na majedwali. Nikakumbuka kile kicheko nyuma ya matete. Nikasema, "Iko sawa."

Akamaliza chai yake, akaosha kikombe, akaaga.

Ukumbi Jumamosi ulijaa. Wakurugenzi wa kampuni walikaa mbele, Daktari pembeni yao, na safu ya nyuma waliketi Mama Devota na wenzake wawili na vitenge vyao vya kanisani, mikono imekaa magotini. Mimi nilisimama karibu na mlango. Fidel alizungumza dakika ishirini na lazima niwe mkweli: alizungumza vizuri. Alisema maneno yangu kana kwamba yalizaliwa mdomoni mwake. Claudine alisimama kando yake akibadilisha picha ukutani. Alipofika kwenye vikonyo, Fidel alitabasamu kidogo, akasema wanawake hawa si wavivu, ni wa kuhurumiwa, hakuna aliyewahi kuwaelimisha. Baadhi ya watu wakacheka. Aliyekuwa akiwatafsiria wale wageni wa nyuma, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, akatafsiri na hilo pia.

Maswali yalipofunguliwa, Mama Devota alinyoosha mkono. Daktari akasita, kisha akamruhusu.

"Mwanangu," Mama Devota akamwambia Fidel kwa Kiswahili, "wewe unanijua mimi?"

Fidel akasema kwa heshima kwamba amekutana na akina mama wengi huko.

"Mimi ndiye mkubwa wa nyanya Kabuga. Wewe sijakuona. Nani amekuambia sisi tunaacha kikonyo?" Akanyanyua mikono yake miwili juu, akaigeuza, watu wote wakaona kucha zile za kijani ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzishinda. "Hii mikono ilitoka wapi? Na mchana tunachambua nini, jua liko juu ya kichwa? Unatuita wajinga mbele ya watu, na hujafika."

Mkurugenzi mmoja akauliza kwa Kiingereza kama mtafiti alifika sokoni au hapana. Fidel alifungua karatasi, akafunga, akafungua tena. Akamgeukia Claudine. Claudine aliendelea kutazama ukutani, pale palipokuwa na picha ya nyanya. Ukimya ule niliunywa. Sina neno jingine. Kisha Mama Devota akaelekeza kidole mlangoni. "Muulizeni yule. Yule ndiye alikuwa anakaa na sisi, miezi mitano. Huyu nimemwona leo."

Nilikwenda mbele. Nilizungumza Kiingereza changu cha darasa la saba, kilipokwama nikatia Kinyarwanda, Kinyarwanda kilipokwama nikatia Kiswahili, na hakuna aliyeangalia saa. Nilisema kweli kuhusu vikonyo, kuhusu alfajiri, kuhusu kungoja. Daktari mwenyewe aliniomba madaftari yangu ya sokoni. Kabla ya mwezi kwisha Fidel na Claudine walikuwa wamefelishwa, jina langu limewekwa juu ya jalada peke yake, na kampuni ile ikaniajiri. Idara niliyoianza na meza moja sasa ina watu arobaini, na mimi ni mkuu wake. Mara mbili katika miaka hii barua za Fidel za kuomba kazi zimepita mezani pangu. Ya kwanza hakustahili. Ya pili alistahili, na nilimnyima, na nilimwandikia jibu kwa mkono wangu mwenyewe, lenye adabu zote, bila kosa hata moja la kuchapa.

Kuhusu Claudine nilisikia tu kwamba alifukuzwa kazi mwezi uleule. Nilijiambia ni kwa sababu ya kufeli. Nilisikia amehamia Kabuga na mumewe, amefungua duka la nafaka karibu na soko. Kabuga si mbali. Nilipita hapo kila niendako mashariki, mara ngapi sijui, na kila mara nilikuwa na haraka.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake, chini ya turubai, tukapewa fanta na maziwa ya moto. Mama Devota hayupo tena duniani, lakini binti zake walikuwepo, na nusu ya soko. Evariste, mume wa Claudine, alinijua bila kutambulishwa. Akanikalisha ndani, kwenye chumba chenye kochi la maua na picha za watoto walio Ulaya.

"Alikuwa anakutaja," akasema. "Nikwambie kitu. Ile faili, aliisoma Jumatano ileile kabla ya kumpa Fidel. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, Domi amewatega, mimi nilichagua zile nyanya, najua. Nikamwambia mwonye Fidel. Akakataa. Nikamwambia basi, Jumamosi useme unaumwa, usisimame na yule mtu. Akasema, nitaenda kumuuliza Domi. Akiniambia ukweli, nitajua ananitaka bado, nitabaki nyumbani. Asiponiambia, nitasimama, nilipe."

Nilimuuliza kwa nini walimfukuza kazi.

"Fidel alisema Claudine ndiye alichezea ile diski, maana ilipitia mikononi mwake. Mpaka leo anaamini hivyo. Claudine hakumwambia kitu. Alisema si siri yake."

Sikulia pale. Nilitoka nje kwa sababu chumba kilikuwa na joto. Fidel alikuwa amesimama peke yake mwisho wa turubai, fanta mkononi, na aliponiona alinijia akichechemea. Watu walikuwa karibu, binti wa Mama Devota, majirani, padri. Alinipa mkono. Nikauacha hewani.

"Domitila," akasema, "tulikuwa vijana. Leo si siku ya ugomvi. Mimi nimekuja kwa moyo safi. Hata huyu marehemu, unajua aliniharibia maisha kwa ile faili, lakini nimemwombea pale kanisani. Nimemsamehe."

Alilisema kwa sauti ya kusikika, na majirani wawili wakaitikia kwa kichwa kumsifu.

"Faili niliibadilisha mimi," nikasema. Nilitumia sauti ileile aliyotumia yeye. "Sentensi mbili. Nilizichapa mwenyewe, alfajiri, na nilimwita Mama Devota nikijua atauliza. Claudine hakugusa kitu. Ulimfukuzisha kazi kwa mambo yangu, akanyamaza miaka yote hii, naye alijua."

Majirani wale wawili wakageuka kutusikiliza. Fidel aliangalia chupa yake, akatafuta kiti kwa mkono wa nyuma kama kipofu, akakaa. Nilikuwa nimeingoja sura ile zaidi ya miaka ishirini, na nilipoipata niliitazama yote, sikuacha kitu. Evariste alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, na sikuweza kumtazama.

"Kwa nini unaniambia leo?" Fidel akauliza.

"Kwa sababu umesema unamsamehe."